Maboksi ya Fumbo: Mtego wa Akili na Hatari ya Koo

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo huenda wengine mtashangaa kulikuta hapa, yaani vidoli. Siyo vidoli vyote, bali vile vidogo vinavyouzwa ndani ya boksi lililofungwa, ambavyo mnunuzi hajui amepata kipi mpaka afungue. Tutayaita maboksi ya fumbo. Wazazi wengi huona ni mchezo tu. Kumbe ndani ya boksi hilo dogo mna mambo mawili yanayogusa afya: moja ni la akili, jingine ni la koo.

1. Yametoka wapi?

Huko Japani, kuanzia mwaka 1965, ziliwekwa mashine ambazo mtoto hutia sarafu, huzungusha mkono wa mashine, na kupata kibonge cha plastiki chenye kidude ndani. Mwaka 1974 kampuni ya Ferrero ya Italia ilianza kuuza yai la chokoleti lenye mchezo uliofichwa. China nayo ikawa na kampuni ya Pop Mart, iliyoanzishwa na Wang Ning mjini Beijing mwaka 2010. Mwaka 2016 ilianza kuuza katika maboksi ya fumbo kidoli kiitwacho Molly, kilichobuniwa na Kenny Wong wa Hong Kong. Baadaye kikaja Labubu, chenye masikio marefu na meno yaliyochongoka, kazi ya mchoraji Kasing Lung. Mwaka 2024 mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink la Korea Kusini alionekana na Labubu wake, na tangu hapo kidoli hicho kimetafutwa dunia nzima.

2. Kwa nini mtu hatosheki na boksi moja?

Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio kwa panya na njiwa miaka mingi iliyopita. Njiwa alifundishwa kudonoa kibao ili apate chakula. Ikiwa chakula kilitoka kila baada ya idadi fulani ya madonoo, njiwa alidonoa, akala, kisha akapumzika. Lakini chakula kilipotoka bila mpangilio, leo baada ya madonoo machache, kesho baada ya mengi, njiwa alidonoa bila kuchoka. Kutojua ndiko kulikomshikilia.

Binadamu naye ana udhaifu huo. Katika ubongo mna kemikali iitwayo dopamini, inayotusukuma kutafuta jambo jema. Watafiti wameona kwamba kemikali hii hupanda hata kabla ya kupata kitu chenyewe, wakati mtu anapotazamia. Basi utamu mkubwa wa boksi la fumbo uko katika dakika ile ya kulitikisa na kulipasua. Kidoli kikishaonekana, utamu umekwisha, na mtoto anataka boksi jingine. Si kwamba mtoto huyo ni mlafi au hana adabu. Mashine za kamari hutumia njia hiyo hiyo, na watu wazima wenye akili zao hunaswa nazo.

3. Tupige hesabu

Seti nyingi huwa na vidoli 12 tofauti. Tuseme kila kidoli kina nafasi sawa ya kutokea, na mtoto ananunua boksi moja moja. Je, atahitaji maboksi mangapi ili apate vyote 12? Wengi watajibu 12, au labda 15. Hesabu inaonyesha kwamba, kwa wastani, ni maboksi 37. Akishapata 11, kile kimoja kilichobaki peke yake kitahitaji, kwa wastani, maboksi mengine 12. Huko China boksi moja la Pop Mart liliwahi kuuzwa kwa yuani 59. Kwa hiyo seti ambayo ingegharimu yuani 708 yaweza kula zaidi ya yuani 2,180.

Isitoshe, mara nyingi kuna kidoli cha siri, kinachotokea katika boksi 1 kati ya 144. Anayenunua maboksi 144 moja moja akidhani lazima atakipata, ajue kwamba watu 37 hivi kati ya 100 wanaofanya hivyo watakikosa.

Mwezi Januari 2022 migahawa ya KFC nchini China iliuza milo pamoja na maboksi ya fumbo. Watu walinunua milo mingi kuliko uwezo wa matumbo yao, wengine wakawalipa wenzao wawalie chakula, ili mradi wapate kidoli. Chama cha watetezi wa walaji nchini humo kikakemea jambo hilo. Mwezi Juni 2023 serikali ya China ikatoa mwongozo kwamba maboksi haya yasiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka 8.

4. Hatari ya koo

Maboksi mengi ya Pop Mart yameandikwa kwamba ni kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Lakini nyumbani kidoli cha kaka huwa kidoli cha mdogo wake. Mtoto wa chini ya miaka 3 huijua dunia kwa kuitia mdomoni. Kofia, kiatu au mkono uliobanduka huweza kuziba njia ya hewa. Bidhaa bandia ni mbaya zaidi, maana huvunjika upesi. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo juu ya Labubu bandia kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo rahisi cha nyumbani ni lile bomba la karatasi ngumu lililo katikati ya karatasi za chooni: kitu kinachopita humo kisikae karibu na mtoto mdogo.

Mtoto akikabwa, fanyeni hivi:

(a) Kama anakohoa kwa nguvu au analia, mwacheni akohoe, huku mkimwangalia.

(b) Kama hawezi kulia, kusema wala kukohoa, au midomo inageuka rangi, mwinamisheni mbele na kumpiga mara 5 kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Aliyezidi mwaka 1, mkimaliza hapo, simameni nyuma yake, wekeni ngumi juu ya kitovu, na kuvuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudieni kwa zamu.

(c) Mtoto wa chini ya mwaka 1 asibinywe tumbo kamwe. Alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara 5. Kisha ageuzwe chali na kubonyezwa katikati ya kifua mara 5.

(d) Msiingize kidole kooni kutafuta msichokiona. Mtasukuma kitu ndani zaidi.

(e) Akizimia, mlazeni chali mahali pagumu, anzeni kumbonyeza kifua, na mwingine akimbilie msaada.

Aliyebinywa tumbo apelekwe hospitali hata kama amepona. Vilevile, kama alipaliwa kisha akabaki na kikohozi au mlio kifuani, mpelekeni na kumweleza daktari habari za kidoli. Plastiki kwa kawaida haionekani katika picha ya eksirei, na bila maelezo yenu mtoto aweza kutibiwa nimonia kwa majuma mengi.

5. Familia ifanye nini?

Kukusanya vitu si kosa. Mtoto hujifunza kupanga, kutunza na kubadilishana na wenzake. Kinachotakiwa ni kumsaidia apende kidoli chenyewe kuliko kule kupasua boksi.

Kwanza, muulizeni: "Kama boksi hili lingekuwa wazi na tunaona kilichomo, tungelinunua?" Pili, kiasi cha kununua kipangwe nyumbani, siyo dukani. Tatu, vilivyojirudia abadilishane na rafiki, au anunue kilichokwisha kufunguliwa, anachokiona kwa macho. Nne, machozi ya kukosa yasifutwe kwa boksi jingine. Tano, vidoli viwekwe juu, na mifuko ya plastiki itupwe mara moja, maana humziba pumzi mtoto mchanga.

Mkiona mtoto au mtu mzima anadanganya, anachukua fedha za nyumba kwa siri, au anakasirika mno asiponunua, jambo limepita mchezo. Msimtukane. Kaeni naye, mzungumze, na ikibidi mwoneni mhudumu wa afya.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni vitu gani tunavyonunua kwa sababu hatujui tutapata nini?
2. Ni vidude gani viko sakafuni sasa hivi, na mtoto mdogo anavifikia?
3. Nani kati yetu anajua kumsaidia mtoto aliyekabwa? Ajizoeze na wengine leo kwa kutumia mwanasesere.