Zawadi ya Mbwa Anayefunzwa: Kumchagulia Chakula Kisichomsumbua Tumbo

Katika maboma mengi ya Eldoret na viunga vyake, mbwa ndiye askari wa usiku. Mkazi wa Kapsoya, Langas au Kimumu humtegemea langoni. Mkulima wa Moiben au Soy humtegemea kulinda ghala la mahindi na ndama zizini. Mbwa wa aina hiyo hana budi kufunzwa: aje anapoitwa, akae anapoambiwa, anyamaze mgeni anapokaribishwa, na akubali kushikwa siku ya chanjo. Njia rahisi ya kumfunza bila kiboko ni kumpa kipande kidogo cha chakula kila anapotii.

Tatizo ni kwamba baadhi ya mbwa wana tumbo dhaifu. Leo amefunzwa kwa vipande vya soseji, kesho anaharisha uwanja mzima. Mwenyewe anadhani ni minyoo, ananunua dawa kwenye agroveti, mbwa anapata nafuu kwa sababu mafunzo yalisimama. Wiki inayofuata mafunzo yanaanza tena kwa soseji zile zile, na kuharisha kunarudi. Mwishowe mbwa anaitwa mkaidi au mgonjwa, na mafunzo yanaachwa. Mara nyingi kosa halikuwa la mbwa wala la mafunzo, bali la zawadi.

Kabla ya kulaumu chakula

Si kila kuharisha kunatokana na zawadi. Minyoo ni sababu ya kawaida, hasa kwa mbwa wanaozurura na kula mizoga. Mbwa mchanga ambaye hajachanjwa akiharisha damu, akatapika na kulegea, huenda ana ugonjwa wa parvo, ambao huua kwa siku chache. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, wala asijaribiwe chakula kipya.

Kwa mbwa mzima ambaye ni mchangamfu, anakula vizuri na amepewa dawa ya minyoo kwa wakati, lakini kinyesi chake hulainika au hujaa gesi tumboni kila akipewa zawadi, hapo chakula ndicho cha kuchunguzwa.

Kwa nini zawadi huchafua tumbo

Tumbo la mbwa huzoea chakula chake cha kila siku. Chakula kigeni kikiingia ghafla na kwa wingi, usagaji huvurugika. Sababu nne hujitokeza mara nyingi.

Ya kwanza ni mafuta. Ngozi ya kuku, mabaki ya nyama choma na chapati huweza kuleta kutapika, na mafuta mengi huweza kuamsha uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali.

Ya pili ni maziwa. Mbwa wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mursik huwa na sukari hiyo kidogo kuliko maziwa mabichi kwa sababu imechachuka, lakini bado si zawadi nzuri kwa mbwa mwenye tumbo dhaifu.

Ya tatu ni chumvi na viungo. Soseji, smoki na mutura huwa na chumvi, mafuta na mara nyingi kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa.

Ya nne ni wingi. Chakula chema kabisa kikizidi huharisha. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa mifugo ni kwamba zawadi zote za siku zisipite sehemu moja kwa kumi ya nishati anayopata mbwa kwa siku.

Zawadi inayofaa

Zawadi inayofaa ina sifa tatu: ni ya kitu kimoja, ni ndogo, na mwenye mbwa anajua kilichomo.

Kitu kimoja maana yake ni nyama tupu, au karoti tupu, si mchanganyiko. Biskuti yenye unga, sukari, mafuta na rangi ikimsumbua mbwa, hakuna anayeweza kujua ni kipi kati ya hivyo kilichomdhuru. Kipande cha kuku kikimsumbua, jibu liko wazi.

Ndogo maana yake ni ukubwa wa punje moja ya mahindi. Mbwa hahesabu uzito wa zawadi. Anachofurahia ni kwamba amepewa. Vipande kumi vidogo humfunza vizuri kuliko kipande kimoja kikubwa, na tumbo halilemewi.

Vyakula vinavyopatikana sokoni Eldoret

Kuku wa kuchemsha. Minofu bila ngozi, mifupa, chumvi wala kitunguu ni mwanzo mzuri kwa mbwa wengi. Mfupa wa kuku uliopikwa usitolewe kamwe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Ichemshwe, ikatwe, na mafuta yanayoganda juu ya supu yatolewe. Wapo mbwa ambao miili yao huikataa nyama ya ng'ombe au ya kuku, hao hubadilishiwa.

Omena. Ni nafuu, zina harufu inayompendeza mbwa, na moja hukatwa vipande viwili au vitatu. Zioshwe mara kadhaa kuondoa mchanga, zichemshwe, kisha zikaushwe kwenye sufuria bila mafuta.

Yai. Yai lililochemshwa hadi kukauka hukatwa vipande. Kwa tumbo dhaifu, ute mweupe ni bora kuliko kiini, ambacho kina mafuta.

Malenge, karoti na viazi vitamu. Vichemshwe bila chumvi na vikatwe vidogo. Havina mafuta na bei yake ni ya chini. Mbwa mwingine atavikataa, mwingine atavipenda kuliko nyama.

Maini na mapafu. Mbwa huvipenda sana, lakini maini mengi hulainisha kinyesi, hivyo yatolewe kwa uchache. Muhimu zaidi, visitolewe vibichi. Viungo vya kondoo, mbuzi na ng'ombe vinaweza kuwa na vivimbe vya maji vyenye mbegu za tegu aina ya Echinococcus. Mbwa akila vivimbe hivyo, tegu hukua katika utumbo wake na mayai hutoka na kinyesi. Binadamu, hasa mtoto anayecheza na mbwa bila kunawa mikono, akimeza mayai hayo huota vivimbe kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana Turkana, na kinga yake huanza kwa kumnyima mbwa viungo vibichi.

Vilivyo marufuku. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, njugu za makadamia, pombe na machicha yake, unga wa mkate uliotiwa hamira, na peremende au ubani usio na sukari wenye zailitoli. Vitu hivi si suala la tumbo dhaifu. Ni sumu kwa mbwa yeyote.

Ugali na somo la mwaka 1977

Uasin Gishu ni kaunti ya mahindi, na zawadi ya kwanza inayofikiriwa ni tonge la ugali. Ugali wa mahindi mazuri hauna ubaya kwa mbwa wengi. Hatari iko katika mahindi yenyewe. Katika nyumba nyingi mahindi mazuri huliwa na watu, na yaliyoota ukungu au kuoza hutengwa kwa ajili ya kuku na mbwa.

Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na hapa Eldoret. Chanzo kilikuwa aflatoksini, yaani sumukuvu, iliyotokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyoota ukungu.

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali, uji au supu ya mahindi hayo hubaki na sumu. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi. Dalili zake huanza kama za tumbo dhaifu: hana hamu ya kula, anatapika, analegea. Baadaye macho na fizi hugeuka manjano na damu huweza kuonekana kwenye kinyesi, ishara kwamba ini limeharibika.

Kwa hiyo mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa pia, wala kwa ng'ombe wa maziwa, ambaye huipitisha sumu hiyo kwenye maziwa. Mahindi ya kuhifadhi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao mbali na sakafu na ukuta, na yenye ukungu yatupwe mahali ambapo mifugo haifiki.

Kujaribu kimoja kwa wakati mmoja

Mwenye mbwa wa tumbo dhaifu anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Asimamishe zawadi zote kwa wiki moja na kumpa mbwa chakula chake cha kawaida tu, hadi kinyesi kiwe kigumu.

2. Achague kitu kimoja, kwa mfano kuku wa kuchemsha. Siku ya kwanza atoe vipande viwili au vitatu tu.

3. Asubiri siku mbili akiangalia kinyesi, kutapika, gesi na kujikuna. Aandike tarehe, chakula na alichokiona kwenye daftari.

4. Pasipo tatizo, aongeze polepole kwa muda wa wiki moja. Likitokea tatizo, aache, tumbo litulie, kisha ajaribu kitu kingine.

5. Akishapata vyakula viwili au vitatu vinavyokubalika, ashikilie hivyo hivyo.

Sharti la kazi hii ni kwamba watu wote wa nyumbani wakubaliane. Mtoto akitupa mkate chini ya meza, au mlinzi akimgawia mbwa chakula chake cha jioni, daftari halitasema kweli. Vivyo hivyo, daktari wa mifugo akimwekea mbwa chakula cha majaribio, ambacho kwa kawaida huchukua takriban wiki nane, zawadi nazo zitoke katika chakula hicho hicho. Kipande kimoja cha nje kinaweza kuharibu majaribio yote.

Kutoa zawadi wakati wa somo

Asubuhi, mwenye mbwa atoe sehemu ndogo ya nyama ya siku hiyo na kuiweka kwenye kikopo chenye kifuniko. Hicho ndicho akiba ya mafunzo. Kikiisha, zawadi za siku zimeisha. Chakula cha jioni kipunguzwe kiasi hicho. Nyama iliyopikwa isikae nje kutwa nzima. Ikiwa kuna friji, idumu siku tatu tu.

Somo moja la dakika tano, mara mbili kwa siku, linatosha. Zawadi itolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili baada ya mbwa kutii, la sivyo hatajua amepewa kwa sababu gani. Ndani ya boma, ambako hakuna vishawishi, karoti huweza kutosha. Kando ya barabara penye kelele na mbwa wengine, ndipo kuku au omena itumike. Mbwa akishalielewa agizo, zawadi ya chakula ipunguzwe. Mara nyingine apewe sifa, apapaswe kifuani au atupiwe mpira. Mpira haumharishi mbwa.

Wakati wa kumwona daktari

Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo iwapo kinyesi kina damu, kutapika kunarudia, hanywi maji, tumbo limevimba na kukaza, macho au fizi ni za manjano, au kuharisha kumepita siku mbili. Daftari la chakula liende naye. Asipewe dawa za binadamu za maumivu kama ibuprofeni, kwani huweza kumuua. Anayekosa daktari karibu anaweza kuulizia ofisi ya mifugo katika kaunti ndogo yake: Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy au Turbo.

Faida kwa boma na kwa majirani

Kichaa cha mbwa bado kinaua nchini, na Kenya imejiwekea mpango wa kukitokomeza ifikapo mwaka 2030. Shirika la Afya Duniani linasema ili ugonjwa huo ukome, angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wanapaswa kuchanjwa. Lakini siku ya chanjo wapo mbwa wanaorudi nyumbani bila sindano kwa sababu hakuna anayeweza kuwashika, na wengine hawatoki bomani kabisa.

Mbwa anaweza kuandaliwa mapema. Aguswe shingo, apewe kipande. Avalishwe kamba, apewe kipande. Ngozi ya mabegani ibanwe kidogo kwa vidole, apewe kipande. Baada ya wiki chache, mtoto mkubwa wa nyumbani huweza kumfikisha mbwa kwa mchanjaji akiwa ametulia, mfukoni akiwa na vipande vichache vya omena ambavyo tumbo la mbwa huyo limekwisha kuvikubali.