Maji tohara, je, ni salama kunywa? Nuru ya jua dhidi ya bakteria sugu



Mpenzi msomaji, mama mmoja wa hapa Songea alimleta mwanawe wa miaka 3 akiwa anaharisha kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Nilipomuuliza kuhusu maji ya kunywa alijibu kwa uhakika: "Daktari, maji yetu ni safi, ndiyo tunayotawadhia." Jibu lile ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwani naamini nyumba nyingi zingejibu vivyo hivyo.

Madrasa tulifundishwa kuwa maji yaliyofika kullatayni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya ibada, nayo ni sahihi mahali pake. Lakini vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi lolote kati ya hayo matatu. Hivyo basi, maji yanaweza kufaa kwa udhu na yakamlaza mtoto hospitali. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama na akaamrisha vyombo vifunikwe usiku. Kulinda maji ya kunywa, kwa hiyo, si jambo geni kwetu.

Nuru inauaje bakteria?

Njia tuliyoizoea ni kuchemsha, nayo bado ni bora. Tatizo ni bei ya mkaa. Ipo njia nyingine isiyohitaji moto, nayo ni jua.

Ndani ya mwili wa bakteria zimo kemikali zinazofyonza nuru. Zikishafyonza, huipitishia nguvu hiyo oksijeni iliyomo ndani ya maji, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali. Huunguza ngozi ya bakteria, protini zake na vinasaba vyake. Aidha, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho huharibu vinasaba hivyo moja kwa moja.

Wataalamu wameiendeleza kanuni hii kwa kutumia rangi maalumu, kama methilini bluu. Katika baadhi ya nchi madaktari wa meno huipaka kwenye fizi zenye uambukizo, kisha humulika kwa taa. Faida yake ni kubwa katika zama hizi za usugu wa dawa. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja tu ya bakteria, naye akibadilisha sehemu hiyo dawa hushindwa. Nuru hushambulia sehemu nyingi kwa mpigo, na bakteria aliyeishinda antibiotiki hana kinga ya jambo hilo.

Ushahidi kutoka kwa jirani zetu

Mwanasayansi Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, ndiye aliyeitangaza njia ya kusafisha maji kwa jua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye ilijaribiwa kwa watoto wa Kimasai nchini Kenya. Baadhi ya familia ziliweka chupa za maji juani, nyingine ziliziweka ndani ya nyumba. Kipindupindu kilipozuka huko miaka ya 1997 na 1998, katika watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani waliugua 3 tu. Katika watoto 144 wa kundi la pili waliugua 20. Kwa watu wazima na watoto wakubwa tofauti haikuonekana, kwa hiyo tusiseme kuwa jua linamaliza kila kitu. Lakini kwa watoto wadogo, ambao kuharisha huwamaliza upesi, hiyo si tofauti ndogo.

Habari ya ndimu

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kuwa maji ya ndimu yakitiwa katika chupa iliyo juani, bakteria wa kinyesi hufa haraka, hata kwa nusu saa. Ndimu ina kemikali ziitwazo psoraleni, zinazoamshwa na nuru. Jamii hiyo ya kemikali imo pia katika mbegu za mmea alioueleza Ibn al-Baytar, mwanachuoni wa Andalusi aliyefariki Dameski mwaka 1248. Wagonjwa wenye mabaka meupe ya ngozi walipewa mbegu hizo na kuwekwa juani.

Hata hivyo, katika utafiti huo wa ndimu aina moja ya virusi haikufa. Kwa hiyo usipunguze muda kwa sababu ya ndimu.

Namna ya kufanya

1. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 2 au pungufu, isiyokwaruzika. Ioshe na uondoe karatasi yake.
2. Maji yawe maangavu. Simamisha chupa iliyojaa juu ya maandishi makubwa na utazame kupitia mdomo wake. Usipoweza kusoma, chuja kwanza. Usitumie ukurasa wenye aya au jina la Mwenyezi Mungu.
3. Jaza robo tatu, funga, tikisa kwa sekunde 20, kisha jaza kabisa. Kutikisa huingiza oksijeni.
4. Laza chupa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu, kama siku zetu nyingi za masika, iache siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, chemsha.
5. Acha maji katika chupa hiyo hiyo na uyanywe ndani ya siku moja, kwa kikombe safi.

Tahadhari

Jua haliondoi dawa za mashambani, mafuta wala chumvi. Kipindupindu kikitangazwa, chemsha au tia klorini. Usimpake mtoto ndimu kisha ukamwacha juani, kwani psoraleni hizo hizo huunguza ngozi ikatoa malengelenge na kubaki na weusi. Ukimaliza kuosha samaki kwa ndimu, nawa kwa sabuni kabla ya kutoka. Wala usijaribu kutibu kidonda kwa rangi na jua, hiyo ni kazi ya hospitali.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi mapema. Macho yakididimia, akilegea au choo kikiwa na damu, mlete kituoni haraka. Usimnunulie antibiotiki dukani kwa kukisia, kwani hivyo ndivyo usugu unavyoletwa.

Yule mama sasa ana chupa sita juu ya bati lake. Ya kutawadhia yamo ndooni, ya kunywa yako juani.

Wabillahi tawfiq.