Jazi Ilipovuka Mpaka wa Rangi: Muziki na Mabadiliko ya Jamii ya Marekani, 1920-1930

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia neno jazi, huenda akakumbuka Morogoro Jazz au Shirati Jazz, bendi zilizojiita hivyo ingawa zilichozipiga ni dansi na benga. Nchini Marekani kwenyewe, jina "Enzi ya Jazi" lilienezwa na mwandishi F. Scott Fitzgerald kupitia mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa mwaka 1922. Fitzgerald alikuwa Mzungu, na wahusika wake wengi ni vijana wa Kizungu wenye fedha, magari na karamu zisizokwisha. Weusi waliouumba muziki huo ni nadra kuonekana kurasani mwake. Hitilafu hii si ya Fitzgerald peke yake. Katika muongo huo muziki wa Wamarekani Weusi ulivuka mpaka wa rangi, ilhali wenye muziki walizuiwa mlangoni.

Chanzo cha mabadiliko ni uhamaji. Sensa ya mwaka 1920 ilidhihirisha kwa mara ya kwanza kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani waliishi mijini (ingawa "mji" katika hesabu hiyo ni mahali popote penye watu 2,500 au zaidi). Miongoni mwa waliohama walikuwa Weusi wa majimbo ya Kusini. Huko walikimbia sheria za ubaguzi, makundi ya Wazungu yaliyowanyonga watu bila kesi, na kilimo cha kugawana mavuno na mwenye shamba, ambacho kiliwaacha na madeni kila mwaka. Kaskazini nako viwanda vilihitaji wafanyakazi, kwa kuwa Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekatiza wahamiaji kutoka Ulaya. Kati ya 1910 na 1930 watu zaidi ya milioni moja walifunga safari hiyo. Louis Armstrong alikuwa mmoja wao: mwaka 1922 aliondoka New Orleans akaenda Chicago kujiunga na bendi ya King Oliver.

Pamoja na watu ilisafiri santuri, na hapa ndipo suala la umiliki linapojitokeza waziwazi. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa, ya mwaka 1917, ilipigwa na bendi ya Wazungu, Original Dixieland Jass Band. Kampuni za kurekodi hazikuamini kwamba Weusi wangenunua muziki wao wenyewe. Imani hiyo ilivunjwa Agosti 1920, pale mtunzi Mweusi Perry Bradford alipoishawishi kampuni ya Okeh imrekodi Mamie Smith akiimba "Crazy Blues". Santuri hiyo ilinunuliwa kwa maelfu. Muda si muda kampuni zikafungua orodha maalumu za santuri zilizokusudiwa wanunuzi Weusi pekee, yaani ubaguzi ukahamia hata katika katalogi. Mfanyabiashara Mweusi Harry Pace alianzisha kampuni ya Black Swan mwaka 1921 ili faida ibaki nyumbani, lakini kufikia 1924 ilikuwa imeshindwa na ushindani, ikaangukia mikononi mwa Paramount. Bessie Smith, aliyeanza kurekodi na Columbia mwaka 1923, aliiletea kampuni hiyo fedha nyingi. Naye alilipwa ujira wa kila wimbo, bila mrabaha. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Dansi nayo ilifuata njia iyo hiyo. Charleston, uchezaji unaotambulisha vijana wa Kizungu wa enzi hiyo, ulipata umaarufu mwaka 1923 kupitia "Runnin' Wild", tamthilia ya muziki iliyoigizwa na Weusi, na muziki wake ukatungwa na James P. Johnson. Wasichana wa mijini waliokata nywele fupi, wakavaa magauni ya magotini na kuvuta sigara hadharani waliucheza kama tangazo la uhuru wao. Wanawake walikuwa wamehakikishiwa haki ya kupiga kura na katiba mwaka 1920. Hata hivyo, kodi na mitihani ya kusoma iliendelea kuwazuia wanawake Weusi wengi wa Kusini.

Mwaka huohuo wa 1920 marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa, nayo ilidumu hadi 1933. Badala ya kukomesha ulevi, ilizaa vilabu vya siri na kuwatajirisha wahalifu. Mmoja wao, Owney Madden, alimiliki Cotton Club mtaani Harlem, New York. Jukwaani walikuwa Weusi. Kwenye meza, Wazungu. Mapambo yaliiga shamba la pamba la Kusini, na wasichana wa kucheza walichaguliwa kwa weupe wa ngozi. Duke Ellington alianza kupiga hapo Desemba 1927, na redio ikausambaza muziki wake nchini kote. Lakini isidhaniwe kwamba Harlem yote ilikuwa hivyo. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara iyo hiyo ya Lenox, ukumbi wa Savoy uliofunguliwa mwaka 1926 uliwapokea watu wa rangi zote.

Weusi wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wengi wa tabaka la kati waliona bluzi na jazi kuwa mambo ya vilabuni yenye kuwaaibisha mbele ya Wazungu. Kijana Langston Hughes alipinga hayo katika insha ya mwaka 1926, na mwaka huohuo akachapisha diwani, "The Weary Blues", iliyoingiza umbo la bluzi katika ushairi. Aliyesoma malumbano ya wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili hatashangaa kwamba wapo waliouliza kama hayo ni mashairi kweli.

Soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929, santuri zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza watu kuacha kununua. Columbia ilimwacha Bessie Smith mwaka 1931. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1937, na kaburi lake halikuwekwa jiwe lenye jina hadi 1970.