Seli Isiyo na pa Kushika Hufa: Protini katika Tiba ya Majeraha ya Moto



Ndugu zangu wanafunzi, mara nyingi tunajadili kama inajuzu kumtibu Muislamu kwa kitambaa kilichotengenezwa kutokana na ng'ombe, nguruwe au samaki kabla hatujajua kitambaa chenyewe kinafanya kazi gani. Tuanze basi na jeraha, hukumu itafuata.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza aitwaye Jackson alieleza kwamba jeraha la moto lina maeneo matatu. Katikati seli zimekufa papo hapo. Pembezoni kabisa ngozi ni nyekundu tu, nayo hupona. Baina ya hayo mawili kuna eneo ambalo seli zingali hai lakini damu inapita kwa shida, na hapo ndipo vita vyote vilipo. Ndani ya siku mbili tatu seli hizo hupona au hufa, na zikifa jeraha lililokuwa dogo huwa kubwa na refu kwenda chini. Ndiyo maana mtoto akimwagikiwa na uji au mafuta ya moto, kidonda hupozwa kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hubana mishipa ya damu, na dawa ya meno haipozi kitu. Humpa muuguzi kazi ya kuikwangua tu.

Seli zikisalimika, bado zinahitaji pa kukaa. Seli nyingi za ngozi haziishi zikielea. Zimeshikamana na wavu wa protini, hasa kolajeni, na mshiko huo huipa seli habari kwamba ipo mahali pake. Ukikatika, seli hujiua yenyewe kwa utaratibu maalumu. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba katika protini iitwayo fibronektini, kishikio chenyewe ni asidi amino tatu tu zilizopangana: arijinini, glisini na asidi aspatiki. Protini kubwa namna ile, na seli inatafuta herufi tatu! Kolajeni nayo ina vishikio vyake vingine.

Sasa fikiria mtu aliyeungua hadi ngozi ya ndani ikaisha. Ule wavu haupo tena. Seli za pembeni ya kidonda zinataka kusogea lakini hazina njia, na mwili huharakisha kuziba pengo kwa kovu gumu linalovuta viungo. Daktari angependa kupandikiza ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, lakini kama nusu ya mwili imeungua, ataitoa wapi?

Swali hilo ndilo lililowakutanisha Burke, mpasuaji wa Boston, na Yannas, mhandisi wa chuo cha MIT. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya sponji waliyoitengeneza kwa kolajeni ya ng'ombe ikichanganywa na sukari ndefu kutoka kwenye gegedu ya papa, huku juu ikifunikwa na utando wa silikoni uzuiao maji ya mwili kupotea. Siri yake iko kwenye matundu, yenye upana wa takriban mikromita 20 hadi 120. Yakiwa madogo mno seli haziingii. Yakiwa makubwa mno hazipati ukuta wa kutosha wa kushika. Seli za mgonjwa na mishipa ya damu huingia, hujenga kolajeni yao wenyewe, na sponji huyeyuka polepole. Baada ya wiki kama tatu silikoni hubanduliwa na kuwekwa pandikizo jembamba la ngozi. Kwa maneno mengine, ile sponji ni jukwaa la fundi wa nyumba: nyumba ikisimama, jukwaa huondoka.

Tatizo ni bei, ambayo hospitali nyingi za kwetu haziwezi. Hapo Wabrazili wa Fortaleza wametufundisha jambo. Wametumia ngozi ya samaki wa Nile, yule tumwitaye ngege, au sato kwa wenzetu wa Tanzania. Ina kolajeni nyingi, hung'ang'ania kidonda na kukihifadhi unyevu, hivyo bendeji hazibadilishwi kila mara. Aliyewahi kusikia kilio cha mtoto wakati bendeji inabanduliwa anajua faida hiyo ina uzito gani. Lakini tafadhali, si ngozi ya sokoni! Ile husafishwa kwa dawa, huwekwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi kuua vijidudu.

Tuje kwenye hukumu. Samaki hana utata: aya ya 96 ya Surat al-Maida imehalalisha vya baharini, na mafakihi wamewaingiza humo samaki wa maji baridi. Ng'ombe huulizwa alivyochinjwa. Kolajeni ya nguruwe ndipo wanazuoni wanapotofautiana. Wapo wanaosema kitu kikibadilika dhati yake hukumu nayo hubadilika, na wapo wanaoona kolajeni haijabadilika bali imesafishwa tu. Ukitazama maabara, hoja ya pili ina nguvu hapa, kwani kolajeni ya kidonda huhifadhiwa makusudi iwe na umbo lake la asili. Basi anayeruhusu huegemea zaidi dharura, iliyotajwa katika aya ya 173 ya Surat al-Baqara.

Kuna pia hariri, ambayo protini yake, fibroini, inatafitiwa sana kwa vidonda. Wanaume wamekatazwa kuivaa, lakini katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Zubayr na Abdurrahman bin Auf kuivaa kwa sababu ya kuwashwa mwili. Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya ngozi.

Kwa maoni yangu, palipo na mbadala wa samaki au ng'ombe unaofanya kazi sawa, dharura ya nguruwe haipo tena. Lakini mbadala huo lazima uwe kwenye kabati la hospitali usiku ule, si kwenye jarida la kitaalamu. Nyinyi mnaosoma famasia na uhandisi, ngege wamo ziwani, na ngozi zao nyingi zinatupwa.