Kuona Uchungu: Hisia na Ujuzi katika Kisa cha Mekatilili wa Menza

Utangulizi

Katika mijadala ya kitaaluma, hoja huweza kuangushwa kwa kauli moja: "Hizo ni hisia tu." Kauli hiyo humwelemea zaidi mwanamke, kwa kuwa mfumodume umemgawia mwanamume akili na mwanamke moyo, kisha ukauweka moyo chini ya akili. Makala hii inadai kwamba mgawanyo huo hauungwi mkono na lugha ya Kiswahili, wala na historia ya pwani ya Malindi na Kilifi.

Ushahidi wa Lugha

Mswahili huona haya, huona huruma na huona uchungu. Aidha, husikia njaa, baridi na maumivu. Vitenzi vya macho na masikio ndivyo vinavyobeba hisia. Kwa mantiki ya lugha, basi, hisia ni mojawapo ya njia za kupata habari za ulimwengu. Neno uchungu lenyewe lina uzito wa pekee: ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mzazi anayejifungua, tena ni msukumo wa mtu anayeipenda nchi yake.

Kisa cha Mekatilili

Mnamo 1913, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwadai Wagiriama kodi ya nyumba pamoja na vijana wa kufanya vibarua. Mekatilili wa Menza alikuwa mjane, naye hakuwa na kiti katika baraza la wazee wa kaya, lililokuwa la wanaume. Njia aliyoishika ni kifudu, ngoma inayohusishwa na matanga. Aliicheza kijiji hadi kijiji, na watu walipokusanyika akawahutubia. Ngoma ya msiba ilikuwa imekwisha kutoa hoja ya kwanza: jamii inafiwa. Hatimaye yeye na Wanje wa Mwadorikola waliitisha mkutano mkubwa katika Kaya Fungo, na viapo vya kuikataa serikali vikaapwa.

Masimulizi husema kwamba alimtaka afisa Arthur Champion achukue kifaranga mbele ya mama yake, na kuku akamrukia. Iwe ilitokea hivyo au la, ndivyo jamii ilivyomkumbuka: mtu aliyetoa hoja ya kisiasa kwa uchungu wa uzazi. Uchungu huo ulikuwa na hesabu ndani yake, kwani vijana wakiondoka, mashamba yatalimwa na nani?

Oktoba 1913 wote wawili walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, mapigano yakazuka, nao wakakamatwa tena. Walirejea kwao mwaka 1919.

Tahadhari

Hata hivyo, si kila hisia ni ujuzi. Katika Kilifi hiyo hiyo, wazee wengi wameuawa katika miaka ya karibuni kwa tuhuma za uchawi. Mtoto ameugua, na moyo unamshuku jirani mwenye mvi. Mara nyingi nyuma ya shaka hiyo mna tamaa ya ardhi. Tofauti iko wapi? Mekatilili aliileta hisia yake hadharani, ikasikilizwa na kupimwa na wengi kabla ya kuapiwa. Anayemvamia mzee usiku haruhusu hisia yake iulizwe swali lolote. Hisia ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Haifai kufanywa hakimu.

Hitimisho

Kumnyamazisha shahidi ni kosa, na kumwamini bila kumhoji ni kosa pia. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuanzia darasani. Mwenzake akizungumza kwa uchungu, asimjibu kwamba hizo ni hisia tu. Amwulize: "Umeona nini hata ukaona uchungu?" Swali hilo linaheshimu moyo na akili kwa pamoja, na lugha yetu imekwisha kutupa maneno ya kuliulizia.