Watoto na Mchezo wa Matofali: Somo kwa Kamati za Sharika



Kamati kadhaa zimetuuliza kama watoto waruhusiwe kucheza Minecraft katika vyumba vya kompyuta vya sharika. Nasi tuna la kukiri. Huko Mbagala tuliwakuta vijana wa kipaimara wakicheza kwenye kompyuta zilizotolewa na wafadhili kwa ajili ya masomo. Tuliwatoa nje na kufuta kumbukumbu zote za kivinjari. Baadaye tuliambiwa kuwa kijana mmoja alikuwa amejenga humo mfano wa kanisa lao, pamoja na mfereji wa maji ya mvua. Kazi ya wiki nzima ilipotea.

1. Tuufahamu mchezo
Minecraft ulianzishwa mwaka 2009 na Mswidi Markus Persson. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake, Mojang, kwa dola bilioni 2.5. Nakala halali hununuliwa, na mtoto wa Tandika au Tegeta hana kadi ya benki. Hivyo hutumia Eaglercraft, nakala isiyo rasmi ya matoleo ya zamani, iliyogeuzwa ili ifanye kazi ndani ya kivinjari bila malipo wala akaunti. Alichojenga mtoto hutunzwa katika kivinjari hicho hicho. Ndiyo maana tulipokifuta, kila kitu kilikwenda.

2. Tatizo liko wapi?
Kwanza, ni mali ya watu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Naye Luther, akieleza Amri ya Saba katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anatufundisha pia kumsaidia jirani kulinda mali yake. Pili, nakala hizi husambazwa na watu tusiowajua. Tovuti nyingine hujaa matangazo yasiyofaa, au humtaka mtoto apakue faili au ataje neno la siri.

3. Lakini ujenzi wenyewe si dhambi
Mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao makuu Nairobi, ilianza kushirikiana na Mojang katika mradi wa Block by Block. Wakazi wa Kibera walitumia mchezo huu kupanga kiwanja chao cha Silanga. Kipaji kama hicho ndicho tulichokifuta Mbagala.

4. Tufanye nini?
Tunapendekeza Luanti, ambayo hadi 2024 iliitwa Minetest. Ni programu huria ya ujenzi wa aina hiyo. Hutolewa bure kihalali, na ikishapakuliwa hutumika bila intaneti. Kamati ipange saa za kucheza, mtu mzima awepo, na kazi za watoto zinakiliwe kabla ya kusafisha mashine.

Maswali ya kujadili
- Je, tunajua watoto wetu wanafanya nini kwenye kompyuta?
- Tukiwakataza, tunawapa nini badala yake?
- Tutawaelezaje wafadhili kuwa mchezo nao waweza kuwa somo?

Kijana wetu tumemwomba radhi. Ameanza kujenga upya.