Kusoma Nishani za Mwanahewa

Muhula uliopita niliwaletea wanafunzi wa Kidato cha Tatu nyota ya marehemu babu yangu, mzaa mama. Nyumbani kwetu tulikua tukiambiwa kwamba babu alikuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili, maana kila alipozungumza habari za Burma hakukosa kutaja ndege. Basi nikaiweka nyota ile mezani, nikawaambia, "Haya, thibitisheni."

Waliigeuza huku na huku wakitafuta jina, wasilione. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza ziliandikwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe, lakini nyota za vita vya pili zilitolewa na Serikali ya Uingereza tupu, bila jina lolote. Mwanafunzi mmoja akautazama utepe, wa buluu nzito wenye mstari mwekundu mpana katikati na miwili ya rangi ya chungwa, akasema hii ni Nyota ya Burma, kwa hiyo babu hakuwa rubani. Jibu lake halikutosha. Nyota ile walipewa askari wa miguu, mabaharia na wanahewa pia, mradi walitumika katika vita vile kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Yaani ilituambia mahali na wakati, isituambie kazi.

Iliyokata shauri ni karatasi kuukuu ya kuachishwa jeshi, ambayo bibi aliitunza sandukuni. Babu alikuwa King's African Rifles, askari wa miguu. Na zile ndege je? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko. Barabara ziligeuka tope, hata vyakula ikabidi viangushwe kutoka ndegeni. Babu alikuwa akizikumbuka ndege zilizomlisha. Nakiri sikufurahi kumpoteza rubani wa ukoo, na mama hajanisamehe mpaka leo.

Tangu siku ile wanafunzi wameniuliza: Je, nishani za mwanahewa wa kweli husomwaje? Nitachukua mfano wa mtu ambaye wazee wengi wa Dar es Salaam walimjua kwa kazi nyingine kabisa. Yeye ni Ulric Cross, aliyezaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 1 Mei 1917, akaingia Jeshi la Wanahewa la Uingereza mwaka 1941.

Tuanze na zile za vita kwa jumla. Mwanahewa aliyekwisha kustahili Nyota ya 1939-1945, kisha akaendelea kuruka vitani juu ya Ulaya kutoka Uingereza kabla ya tarehe 6 Juni 1944, alistahili Nyota ya Wanahewa wa Ulaya. Utepe wake ni wa buluu ya mbingu, wenye mistari ya manjano na pindo nyeusi. Buluu ni anga, nyeusi ni usiku, na manjano ni mianga ya kurunzi za adui zikimulika juu kuitafuta ndege. Aliyeanza kuruka tarehe 6 Juni au baadaye alipewa Nyota ya Ufaransa na Ujerumani badala yake. Aliyestahili zote mbili hakupewa mbili; alipewa ile ya kwanza pamoja na kipande cha chuma cha kushonea juu ya utepe. Kwa hiyo tofauti ya siku moja tu huonekana kifuani mwa mtu. Lakini mjihadhari: nyota hii ya wanahewa hutafutwa sana na wakusanyaji, na za bandia zipo. Tena wengi waliostahili hawakuandika barua kuomba zao, kwa hiyo sanduku lisilo na nyota si ushahidi kwamba mtu hakuruka.

Nishani za ushujaa zina habari zaidi. Cross alipata mbili: Msalaba wa Ushujaa wa Kuruka, yaani DFC, mwaka 1944, na baadaye DSO. Msalaba huo wa fedha una utepe wa mistari ya mshazari, zambarau na nyeupe, na mgongoni huchorwa mwaka uliotolewa. Jina halimo. Hapa kuna jambo ambalo mimi naona halikuwa haki. Msalaba ulikuwa wa maofisa. Sajini aliyeketi katika ndege ile ile, usiku ule ule, akafanya ushujaa ule ule, alipewa medali, DFM. Ubaguzi huo wa vyeo uliondolewa mwaka 1993. Hata hivyo sajini alipata faida moja, kwa kuwa medali yake iliandikwa jina ukingoni, na leo mtafiti humpata kwa urahisi kuliko ofisa wake.

Ukiwa na mwaka na aina ya nishani, waendea London Gazette, gazeti rasmi la Serikali ya Uingereza, ambamo majina ya waliotunukiwa yalitangazwa. Humo utapata kikosi, na kikosi kitakupeleka kwenye daftari lake la kila mwezi, lililohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew. Kila safari imeandikwa: nani waliruka, ndege gani, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Mara nyingine saa ya kurudi haipo. Katika vikosi vya ndege za mabomu vya Uingereza walikufa wanahewa 55,573.

Cross alikuwa Kikosi cha 139, kilichoitwa Jamaica kwa ajili ya fedha walizochanga watu wa kisiwa kile kununulia ndege. Aliruka katika Mosquito, ndege iliyojengwa kwa mbao zaidi kuliko chuma, wenyewe wawili tu bega kwa bega. Rubani alishika usukani. Cross, mwenye kuongoza njia, alikuwa na ramani, penseli na saa, naye ndiye aliyepaswa kujua gizani wapo wapi. Alikwenda safari 80, na 21 kati ya hizo zilikuwa za Berlin.

Baada ya vita alisomea sheria. Alifanya kazi Ghana na Kamerun, na kuanzia 1967 hadi 1971 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania na mwenyekiti wa baraza la kudumu la kusuluhisha migogoro ya kazi. Wafanyakazi waliosimama mbele yake hawakuona nishani kifuani. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 96.

Wazazi walio na nishani za namna hii nyumbani tafadhali wasizisugue kwa majivu wala dawa ya shaba, na tepe wasizitoe hata zikiwa zimechakaa. Zikiletwa shuleni, ziletwe pamoja na karatasi zozote zilizolala nazo, hata kipande cha bahasha.